Mbuzi wa Theluji

Nilinunua mashine ya kurusha theluji mwezi wa saba, siku ya joto kali, wakati hata mbwa wa mtaa wetu wa Gaithersburg walikuwa wamekataa kutembezwa. Mzee mmoja wa barabara ya nyuma alikuwa anahama, akatandaza vitu vyake nje kwenye nyasi ili watu wachague, na katikati ya viti na fremu za picha ilikuwa imekaa hiyo mashine, nyekundu, bomba lake la kutemea theluji limeelekea juu. Niliipenda papo hapo. Mimi nikishapenda kitu huwa sisikii la mtu, na mume wangu analijua hilo, kwa hivyo sikujisumbua kumpigia simu.

Jioni aliizunguka mara mbili pale sebuleni, akiwa bado na sare zake za hospitali.

“Petroli inawekwa wapi?” aliuliza.

“Haitumii petroli. Inatumia stima.”

“Betri iko wapi?”

“Haina betri. Ina waya.”

Aliushika ule waya mnene wa rangi ya chungwa, akaufuata kwa macho mpaka kwenye plagi, kisha akakaa chini kwenye kochi kama mtu aliyepewa habari ya msiba. “Kwa hivyo umenunua mashine ya kufungwa kamba,” akasema. “Itakula mpaka kamba iishe, halafu isimame ilie. Mama watoto, hii si mashine. Hii ni mbuzi.”

Jina likashika. Na kwa kuwa mbingu nazo zilikuwa upande wake, miaka miwili mfululizo theluji haikuja ya maana. Ilidondoka kidogo usiku, ikayeyuka kabla ya chai. Mbuzi wangu akakaa chini kwenye besimenti kando ya mashine ya kufulia, na kila asubuhi ya baridi mume wangu alikuwa ananiuliza kama ameshiba.

Lakini mimi nilikuwa na sababu zangu. Miaka ishirini ya uuguzi imeniachia mgongo ambao daktari aliuangalia kwenye picha, akaniambia beleshi la theluji nilisahau kabisa. Na mume wangu, theluji ikianza tu, hospitali inamzuia alale huko huko, maana wa zamu inayofuata hawafiki. Watoto wetu wako majimbo ya mbali. Anayebaki nyumbani na theluji ni mimi na huo mgongo.

Nyumba zetu ni saba, zimeshikana ukuta kwa ukuta, na milango yote inaangalia njia moja nyembamba ya saruji. Maegesho ya magari husafishwa na watu wa kulipwa, lakini njia ile ni kazi ya sisi wenyewe. Mimi ni wa nyumba ya kwanza. Ya saba, mwisho kabisa, anakaa Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa ni mtu wa Unguja, amepita sabini, na alikuja huku na binti yake akiwa mdogo, binti aliyelelewa hapa na ambaye sasa ameolewa. Siku ya kwanza nilimwita nyanya, kama tunavyowaita wazee wa kike kwetu bara, Kenya. Akanitazama kwa huruma. “Nyanya ziko dukani, mwanangu,” akasema. “Mie niite Bi Mkubwa.”

Siku hiyo nilikuwa nimempelekea kifurushi chake kilichoachwa kwangu kwa makosa. Nilibonyeza kengele, kimya. Nikabonyeza tena, kimya. Kumbe ilikuwa mbovu. Nilikuwa nageuka niondoke, mdomo ukasema wenyewe: “Hodi.” Nilishtuka kujisikia. Miaka kumi na sita nilikuwa sijalitamka neno hilo, kwa sababu huku mtu hutuma ujumbe kabla ya kuja, na akifika hutuma mwingine kusema yuko nje. Sijamaliza kuona haya, sauti ikatoka huko ndani jikoni: “Karibu, karibu, karibu.” Mlango umefungwa, hajui ni nani, na anasema karibu mara tatu. Nilisimama pale na kifurushi cha watu mikononi, nikalia kidogo. Sioni haja ya kuficha.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kwenda kule mwisho. Yeye hakuwahi kuja kwangu, magoti yake hayakumruhusu. Binti yake alikuja mara kwa mara na sahani ya mamake iliyofunikwa vizuri, lakini huyo ni mtoto wa Maryland. Kiswahili chote anakisikia, hata mafumbo ya mamake anayaelewa, ila jibu lake ni Kiingereza. Alikuwa anasimama mlangoni kwangu na kunitumia ujumbe kwamba yuko nje. Nilimpenda vivyo hivyo. Lakini hodi nilikuwa naipiga mimi tu, kwa mwingine, na wakati mwingine nikifunga mlango wangu jioni nilijisikia mpweke kwa ajili ya neno moja dogo kama hilo.

Mwezi wa kumi na mbili binti alijifungua mtoto wa kike. Nyumba yake na mumewe iko Fairfax, ng'ambo ya mto, lakini kwa desturi yao alirudi kwa mamake kukaa arobaini. Mumewe alikuwa anakuja baada ya kazi, anambeba mtoto, anakula, anarudi zake Fairfax na masikio yake mekundu kwa baridi. Arobaini ya Bi Mkubwa haikuwa na mchezo. Mzazi alikandwa, akanyweshwa uji wa pilipili manga, akaogeshwa maji yaliyochemka na kumwagwa juu ya majani aliyoletewa kutoka Unguja ndani ya sanduku la mtu. Soksi hazikuvuliwa. Nje hakutoka, hata kuchungulia barua.

Mimi kama muuguzi nilikwenda nikiwa nimejiandaa kubisha. Nilikaa, nikatazama, nikanyamaza. Kila wiki naona wazazi wakitoka wodini kwetu na mtoto mikononi, wanarudi kwenye nyumba isiyo na mtu wa kuwapikia hata yai. Huyu alikuwa ananenepa, analala, na anachekeshwa.

Lakini alikuwa kijana, na kijana ana miguu. Ilipofika siku ya thelathini alianza kuhesabu. Nikiingia tu, ananionyesha vidole. “Auntie, ten more,” ananiambia. Kisha tisa, kisha nane. Alikubali yote kwa mapenzi ya mamake, hakuvunja hata siku moja, ila aliitamani hiyo siku ya arobaini kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Na mpango wa siku hiyo ulinihusu. “Kwetu mtoto hapandi gari kwenda kwao kabla hajaingia nyumba ya jirani,” Bi Mkubwa aliniambia, akinimiminia chai. “Anatolewa nje, anaingia kwa jirani kwa heri, kisha ndio babake amchukue. Na jirani ni weye.”

Nilirudi nyumbani nikaanza kufua mapazia.

Arobaini ikaangukia Jumapili. Theluji ikaanza Ijumaa jioni, ikashinda Jumamosi nzima inamwagika, na siyo ile nyepesi ya kupeperuka. Ilikuwa nzito, ya maji, na iliposimama ilikuwa inafika nusu ya muundi wangu. Mume wangu alikuwa amezuiliwa hospitalini tangu jana yake. Watabiri wa hali ya hewa wakasema baridi itakaza wiki nzima na kitu hakitayeyuka.

Jumamosi alasiri Bi Mkubwa alinipigia simu. “Hatoki,” akasema.

“Bi Mkubwa, kesho ni arobaini yake.”

“Najua. Nimehesabu mie. Lakini theluji hakanyagi. Baridi ikimpanda miguuni leo, ataiona uzeeni. Tutangoja mpaka niione saruji.”

“Wanasema ni wiki nzima.”

“Basi wiki nzima.”

Nyuma yake nilimsikia binti akisogea. Halafu simu ikachukuliwa, na sauti ndogo ikaniambia, “Auntie, please.” Maneno mawili tu. Nilisimama pale jikoni, nikaufikiria mgongo wangu, nikalifikiria beleshi, halafu nikaukumbuka ule mdomo mwekundu kule besimenti. 

“Mpe mama simu,” nikamwambia. “Bi Mkubwa, kesho asubuhi nakuja na mbuzi wangu.”

Sauti yake ikalainika mpaka nikashangaa. “Mwanangu, Mungu akuzidishie. Lakini akika tulishachinja siku ya saba.”

“Sio wa kuchinja.”

“Ah. Mbuzi ya nazi? Ninayo, tena nzuri.”

“Sio ya nazi. Ni mbuzi wa theluji.”

Akafikiri. “Huyo simjui,” akasema, “lakini mlete.”

Jumapili saa moja asubuhi nilikuwa mlangoni na suruali mbili na koti la mume wangu. Kanisa lilikuwa limetuma ujumbe kwamba ibada itakuwa kwenye simu. Nikamwomba Mungu anisamehe, nikaiacha simu mfukoni. Yule mzee aliyeniuzia mashine alikuwa amenifundisha: anzia karibu na soketi, uende ukiiacha nyuma, waya uwe begani upande mmoja na theluji irushwe upande wa pili, na mkono usiingie mdomoni mwake kamwe. Nikachomeka. Nikabana mpini.

Ikanguruma. Theluji ikaingia mbele, ikatoka juu, ikaruka upinde mzima mpaka kwenye nyasi, na nyuma yangu saruji ikabaki tupu, nyeusi, inang'aa. Mimi mwanamke wa miaka hamsini na nne nilicheka kwa sauti, peke yangu, mbele ya madirisha ya watu. Miaka miwili nimetukanwa kwa ajili ya chombo hiki, na kinafanya kazi. Nilipita mlango wangu, nikapita wa pili, nikapita wa tatu. Majirani wawili wa kati walikuwa wamesafiri, na waliobaki ni watu wa kungoja jua liwafanyie kazi, kwa hivyo njia nzima ilikuwa yangu. Kila theluji ilipoganda ndani ya bomba nilichomoa waya kwanza, nikaitoa kwa mwiko wangu wa zamani wa ugali, nikaendelea. Mgongo haukusema neno.

Mbele ya nyumba ya nne waya ukakazika begani, plagi ikachomoka, na kukawa kimya. Mbuzi alikuwa amefika mwisho wa kamba. Nilimpiga picha nikamtumia mume wangu huko hospitalini, maana bora anicheke kwa picha kuliko aje anicheke kwa kuhadithiwa. Jibu lilirudi upesi: “Meee.”

Hilo nilikuwa nimelipangia. Nusu moja kwa stima yangu, nusu ya pili kwa stima ya Bi Mkubwa, na njia zikutane katikati. Nikaivuta mashine juu ya theluji mpaka nyumba ya saba, na hiyo ndiyo kazi pekee iliyonitoa jasho. Kando ya dirisha lao la jikoni kuna soketi ya nje yenye kifuniko. Nikachomeka, nikabana mpini, nikaenda hatua mbili. Ikazima.

“Umeme umekwenda,” Bi Mkubwa alisema huko ndani, bila wasiwasi, kama mtu aliyezoea mambo hayo tangu utoto.

Binti akashuka besimenti, akainua swichi iliyojizima, akarudi. Nikaanza tena. Hatua mbili, ikazima. Mara ya tatu nilichungulia dirishani, na hapo nikamwona adui. Birika la stima lilikuwa linachemka juu ya kaunta, na kando yake ndoo yenye yale majani ya Unguja. Aliyejenga nyumba zile aliunganisha soketi ya nje na za jikoni kwenye laini moja. Ama birika, ama mbuzi. Wote wawili hawapati.

“Bi Mkubwa, si uchemshe kwa jiko?” nilimwuliza kupitia dirishani.

Akasogea kando nione. Jiko lake lilikuwa na sufuria nne, kila moja na shughuli yake ya arobaini, pilau mbele.

“Na maji ya bomba? Yanatoka moto.”

“Hayo hayajachemka,” akasema. “Hayo yamepashwa.”

Nikaona tumekwama. Bila kuoga, hatoki. Bila njia, hatoki. Na mumewe alikuwa amepiga simu kwamba ameshaanza safari, yuko barabara ya 270, anatambaa nyuma ya magari ya kumwaga chumvi. Ikabidi tupokezane. Na hapa ndipo mimi, kwa akili zangu zote, nikatoa wazo ambalo lingemfaa mtu wa kabila lolote la dunia, isipokuwa sisi.

“Nikitaka stima,” nikasema, “nitapiga hodi hapa dirishani. Wewe ukishazima birika, unaniambia karibu. Nikisikia karibu, ndio nawasha.”

“Vizuri kabisa,” akasema Bi Mkubwa.

Nikajipanga. Waya begani, mikono kwenye mpini. “Hodi.”

“Karibu, karibu.”

Nikabana. Ikanguruma, ikafa. Ndani, taa ya birika nayo ikafa.

“Bi Mkubwa, umesema karibu.”

“Umepiga hodi.”

“Lakini birika lilikuwa linachemka.”

“Linachemka, ndio.”

“Sasa karibu ya nini?”

Alinitazama kwa mshangao wa kweli kabisa kupitia kile kioo. “Mtu akipiga hodi,” akaniuliza, “nimjibu nini?”

Swali lake lilikuwa la haki, na hilo ndilo lililoniudhi. Mimi hasira zangu ziko karibu, na asubuhi ile zilipanda mpaka kwenye kofia. Nimesimamia wodi nzima siku watu wawili wameacha kupumua kwa wakati mmoja, na hapa nashindwa na birika. Nikamweleza tena, taratibu, kama ninavyowaeleza wagonjwa dawa zao: hodi, halafu azime, halafu karibu. Akaitikia kwa kichwa. Binti akainua swichi.

“Hodi.”

“Karibu. Ee Mola wangu, subiri.”

Lakini vidole vyangu vilishabana. Ikafa.

“Tubadilishe neno,” nikasema, na sauti yangu sasa ilikuwa ya mtu wa kuchukuliwa hatua kazini. “Sitapiga hodi tena. Nitasema mbuzi. Nikisema mbuzi, zima.”

Akakubali, binti akainua swichi. Nikahesabu mpaka tano, nikasema, “Mbuzi.”

“Karibu naye,” akasema Bi Mkubwa.

Kule nyuma yake kitu kikaanguka sakafuni. Alikuwa binti, ameegemea friji, anacheka mpaka ameangusha kijiko, na mtoto ameamka analia, na anajaribu kumbembeleza huku bado anacheka na machozi yanamtoka. Nilimtazama. Siku thelathini na tisa nilikuwa nimemwona akivumilia vizuri, lakini hivyo nilikuwa sijamwona. Bi Mkubwa akageuka kumkemea, naye akashikwa na kicheko katikati ya kukemea. Hasira zangu zikanitoka zote, nikakaa juu ya theluji ya watu nikacheka nao.

Alipopata pumzi, binti alimkabidhi mamake mtoto, akachomoa birika, akaja dirishani. Akaibandika plagi ya birika kwenye kioo, usawa wa macho yangu, meno yake ya chuma yakiniangalia. “Look, Auntie,” akasema. Ukiiona plagi, washa. Usipoiona, ngoja. Ndiyo hivyo, bila neno lolote, bila heshima ya mtu yeyote kuvunjwa.

“Utapigwa na baridi ya dirishani,” mamake akalalamika.

Akajifunga shuka la pili, akabaki pale pale.

Basi tukafanya kazi. Plagi kiooni, mbuzi ananguruma, natoka hatua kumi, kumi na mbili. Anagonga kioo kwa kucha, nasimama, anachemsha. Maji yanamwagwa kwenye ndoo juu ya majani, na harufu yake inanifikia mpaka nje, chungu kidogo, ya shambani. Plagi kiooni tena. Ndoo ilijaa kwa awamu na njia ikasogea kwa awamu, na kila nilipogeuka nilimwona yule binti amesimama na kile kiwaya mkononi, makini, kama askari wa trafiki mwenye furaha ya kazi yake. Sijui lini nimefanya kazi na mtu tukapatana hivyo bila kusemezana.

Mbele ya nyumba ya nne ukuta wa mwisho wa theluji ulikuwa mwembamba kama kipande cha mkate. Mbuzi akautafuna mara moja, na saruji yangu ikakutana na saruji yao. Nilizima. Jua lilikuwa limetoka, njia nzima kutoka mlango wa saba mpaka mlango wangu ilikuwa nyeusi na tupu katikati ya ule weupe, na ilikuwa inafuka mvuke kidogo. Nilijisikia tajiri.

Bi Mkubwa alifungua mlango, akatoa kichwa, akaitazama ile njia kwa muda mrefu, kushoto mpaka kulia. Nilingoja kama mwanafunzi.

“Saruji naiona,” akasema. “Haya. Anaoga.”

Nilirudi kwangu nikimvuta mbuzi, waya nimeuzungusha begani. Nilimweka hapo ndani nyuma ya mlango, juu ya zulia la kupangusia miguu, theluji iyeyuke. Nikafunga mlango kwa makomeo yote mawili kwa sababu ya baridi, kama ninavyofanya siku zote. Nikabandika chai. Nikatoa chapati za jana, nikanyoosha mapazia yangu yaliyofuliwa. Halafu nikakaa kwenye kiti cha mlangoni kuvua viatu, na hapo mgongo ukakumbuka kwamba una mwenyewe. Niliiweka simu juu ya paja ili nione ujumbe ukiingia. Nilijua utakavyosema. Utasema kwamba wako nje.

Simu haikulia. Nilikuwa nimevua kiatu kimoja na nahangaika na cha pili wakati sauti ilipotoka upande wa pili wa mlango, ya kike, ya chini, isiyo na uhakika na yenyewe.

“Hodi.”

“Karibu,” nikasema.

Lilinitoka kabla sijainua kichwa. Sijajua ni nani, mlango uko na makomeo mawili, kiatu kiko mkononi, na nimeshasema karibu. Ndipo nikaisikia ile sauti kwa mara ya pili kichwani mwangu, na ile d yake ya Kimarekani, na nikajua ni nani aliyepiga hodi mlangoni kwangu. Nilisimama haraka kuliko daktari anavyoniruhusu.

Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi ya asubuhi nzima. Komeo la juu likafunguka, la chini likagoma.

“Hodi,” akasema tena, safari hii kwa nguvu, amelipenda neno.

“Karibu, karibu,” nikasema, navuta, halifunguki, machozi yananiingia mdomoni na nacheka.

Ya tatu ilipigwa na mwingine. Ilikuwa sauti ya mtu mwenye magoti mabovu aliyetembea nyumba saba kwa miguu yake kwa mara ya kwanza. “Hodi,” akasema Bi Mkubwa. “Nyumba gani hii, inasema karibu na mlango haifungui?”

Komeo likaachia. Walikuwa wamesimama pale juu ya saruji, binti amejifunga kanga mpya juu ya koti, uso wake umeoshwa na jua, na mamake amemshika mkono, na mtoto katikati yao kwenye shali jeupe, amefumba macho kwa mwanga ambao hajawahi kuuona. Wakamruka mbuzi aliyekuwa anadondosha maji pale mlangoni, wakaingia, na mimi nilikuwa bado nasema karibu.